Maswali Yenu: Paka Asiyenyamaza

Katika toleo lililopita tulijibu swali fupi la paka aliyekuwa akilia mlangoni kila magharibi. Barua zilizofuata zimetujaa mezani, nyingi kutoka Lamu na Malindi, na karibu zote zauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mbona paka huyu anasema sana? Tumechagua saba. Zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyafupisha kama walivyoomba.

*

Assalaam aleikum. Nyumbani kwetu kuna paka jike mwembamba, miguu mirefu, uso wa ncha. Yuwasema tangu asubuhi. Nikiingia jikoni yuwasema, nikipanda darini yuwasema, na nikimjibu naye hujibu. Mgeni mmoja alitwambia huyu ana damu ya paka wa Siam, ndiyo maana ya maneno yote haya. Ni kweli? — Bi. M., Mkomani, Lamu

Wa aleikum salaam, Bi. M. Umbo peke yake si ushahidi. Paka wa visiwa vya Lamu wengi ni wembamba, wa shingo ndefu na miguu mirefu, na umbo hilo hawakuliazima kwa paka wa Siam. Tazama macho na rangi kwanza. Paka wa Siam ana macho ya samawati maisha yake yote, kiwiliwili cha rangi ya maziwa au mchanga, na weusi au hudhurungi kwenye masikio, pua, nyayo na mkia tu. Akiwa wako ana macho ya kijani au manjano na milia mwili mzima, huyo si Msiam. Rangi hiyo hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Mzazi mmoja tu akiwa nayo, watoto hutoka na rangi za kawaida. Kwa hiyo huenda tone la damu lipo bila kuonekana, lakini hakuna atakayelijua kwa kumtazama.

Rangi yenyewe ina siri ambayo wafugaji wa Pwani wafaa kuijua. Kimeng'enya kinachotengeneza weusi wa nywele za paka huyu hushindwa kufanya kazi penye joto la mwili, na hufanya kazi penye ubaridi. Ndiyo maana watoto wake huzaliwa weupe pe, kwa kuwa tumboni mwa mama hakuna ubaridi, kisha masikio na mkia huanza kuingia rangi baada ya siku kadhaa. Akinyolewa ubavuni kwa ajili ya upasuaji, nywele zinazoota pale huja na weusi, na hupauka tena zikibadilika. Katika joto la Lamu au Malindi paka wa Siam hubaki mweupe zaidi kuliko ndugu yake aliyelelewa London. Wanunuzi hudhani wamedanganywa, kumbe ni hali ya hewa.

Turudi kwenye maneno. Paka wakubwa hawaambiani "nyau" ila kwa nadra. Wao kwa wao husemezana kwa harufu, mkia, masikio, na ugomvi ukizuka, kwa kunguruma na kufoka. "Nyau" ni sauti ya mtoto kumwita mamaye. Paka wa porini huiacha akikua. Paka wa nyumbani huendelea nayo kwa sababu binadamu huijibu. Mwaka 2004 Nicholas Nicastro wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha ulinganisho wa milio ya paka wa nyumbani na ya paka mwitu wa Afrika. Ya wa nyumbani ilikuwa mifupi na nyembamba zaidi, na wasikilizaji waliipenda zaidi. Wako anakuzungumza wewe, Bi. M., na anaendelea kwa kuwa unamjibu. Hapana ubaya. Paka asemaye na mtu wake ni paka aliyemzoea.

Ukitaka kumwelewa, usisikilize "nyau" peke yake. Sikiliza mwisho wa mlio. Mlio mfupi unaopanda mwishoni ni salamu au ombi jepesi. Mlio mrefu unaoshuka ni dhiki au kukataa: wapelekwao kwa daktari ndani ya kikapu hulia hivyo. "Brrr" ya mdomo uliofumbwa, ulimi kama unabiringika, ni ya upendo. Mama huwaitia wanawe nayo, na akikuitia wewe jihesabu umepokewa. Kule kutetemesha taya mbele ya dirisha akimwona kunguru ni hamu ya mawindo, wala si ugonjwa.

Na mkoromo, ule mvumo laini wa kifuani paka anapopapaswa? Wengi huuchukua kuwa ni raha tupu. Mwaka 2009 Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alionyesha kuwa paka wenye njaa huchanganya ndani ya mkoromo mlio mwembamba ulio karibu na kilio cha mtoto mchanga. Ndio ule wa asubuhi, amekukalia kifuani, nawe huwezi kulala tena. Tena paka mgonjwa au mwenye maumivu naye hukoroma. Aliyejikunja pembeni, hali, na anakoroma, mpeleke akatazamwe.

*

Mimi ni kijana, nafanya kazi hotelini Malindi, naishi peke yangu chumba na sebule. Nataka kununua paka wa mbegu anayezungumza, anipe kampani. Ni mbegu zipi, na tabia zao zikoje? — K., Barani, Malindi

Ndugu K., msemaji mkuu ni huyo Msiam tuliyemtaja, na jamaa yake wa karibu aitwaye Oriental, mwenye umbo na koo lile lile ila rangi za kila namna. Sauti yao ni nzito na kavu, kama ya mtoto anayelilia ziwa, nao hawaongei kwa ajili ya chakula tu. Husema umeingia, umetoka, umechelewa, mlango umefungwa. Ni paka wa mtu mmoja, werevu, hujifunza kufungua makomeo na madroo. Walifika Ulaya zamani. Katika maonyesho ya paka ya Crystal Palace, London, mwaka 1871, walikuwapo.

Hapo ndipo penye shida yako. Kazi ya hotelini ni zamu za saa nane au kumi. Paka wa aina hii akiachwa peke yake muda huo kila siku hulia hadi majirani wakugongee, na wengine huanza kunyonya na kutafuna nguo. Leso, soksi, ncha ya chandarua. Kitambaa kikimezwa huziba utumbo, na utumbo ulioziba hutibiwa kwa kisu. Ukimtaka Msiam, chukua wawili waliolelewa pamoja, au usichukue.

Burmese ana sauti ya chini, ya kukwaruza kidogo, na hufuata mtu mlango kwa mlango. Mbegu hii ya leo imejengwa juu ya jike mmoja, Wong Mau, aliyepelekwa San Francisco mwaka 1930 na Dk. Joseph Thompson. Ukimchanganya na Msiam hupatikana Tonkinese, msemaji wa kiasi, na kwa mtu wa kazi kama wewe sisi twamwona anafaa kuliko wote waliotangulia.

Bengal ni chotara wa paka wa nyumbani na paka chui wa Asia, vizazi kadhaa nyuma. Hupiga kelele, hupanda pazia, huchezea maji ya ndoo. Chumba na sebule hakimtoshi hata kidogo. Maine Coon, jitu la Marekani ambalo madume yake hufika kilo 8, lina kijisauti kama cha ndege, cha kuchekesha kwa mwili ule, lakini manyoya yake ni ya nchi ya theluji. Malindi mwezi wa Februari atateseka. Mau wa Misri, mwenye madoa ya asili, naye hulia kama ndege na hupenda mtu wake tu.

Wakimya ni Mwajemi, British Shorthair na Russian Blue. Twamtaja Mwajemi kwa onyo, kwa sababu huuzwa sana mijini: uso wake bapa humfanya apumue kwa taabu kwenye joto, macho humtoka maji kila siku, na nywele zisipochanwa kila siku hushikana mabonge hadi kwenye ngozi. Ukimya wake usikushawishi.

Kabla hujatoa pesa, lijue jambo moja la nyumbani kwako. Kando ya barabara unayoijua, kati ya Malindi na Kilifi, katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ndiko ilikotoka mbegu iitwayo Sokoke. Wagiriama humwita kadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater aliwapata watoto wa paka wenye milia ya ajabu, kama gome la mti, akawalea. Mwaka 1984 baadhi yao walipelekwa Denmark, na leo wenye karatasi za nasaba hupatikana zaidi ng'ambo kuliko hapa. Ni mrefu, mwembamba, miguu ya nyuma imezidi ya mbele hata aonekana akitembea kwa ncha za vidole. Hushikamana sana na mtu wake na na paka mwenzake, na husema naye, ingawa si kwa makelele ya Msiam. Usiende kutega msituni: paka mkubwa wa msituni hafugiki, na utamhukumu maisha ya hofu.

Na kama ni kampani tu unayoitaka, chukua watoto wawili wa paka wa mtaani wenye umri wa majuma manane hadi tisa, waliokwisha kushikwashikwa na watu. Mtoto asiyeguswa na binadamu kati ya juma la pili na la saba hubaki mwoga. Aliyeguswa, ukimjibu kila alipokusemesha, atakuwa msemaji bila karatasi yoyote.

*

Mwezi wa Ramadhani paka wetu alikuwa akiamka nasi daku na kupata vipande vya samaki. Idi imepita, sasa ni mwezi wa pili, bado saa tisa usiku yuko mlangoni yuwalia kama aliyefiwa. Mume wangu huamka kumpa ili tulale. Tufanyeje? — Mama A., Shela, Lamu

Mama A., mlimfundisha wenyewe kwa usiku thelathini mfululizo, kwa malipo ya samaki, na hakuna shule iliyo bora kuliko hiyo. Kumbuka pia kuwa paka kwa asili huchangamka alfajiri na magharibi. Saa tisa haiko mbali na saa yake.

Kuna njia, na huchukua majuma mawili hadi matatu. Mtaifunga kabisa njia hiyo ya kupata samaki usiku, na mtamfungulia nyingine.

Anzeni na kipimo. Paka mzima wa kilo 4 hutosheka na kalori 200 hadi 250 kwa siku, yaani gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu cha dukani, au takriban gramu 200 za samaki mweupe aliyechemshwa. Gawanyeni mara tatu, na fungu kubwa liwe la mwisho, saa nne au saa tano usiku kabla hamjalala. Robo saa kabla ya fungu hilo, mchezesheni: kamba yenye kitambaa mwishoni, ikimbizwe sakafuni kama panya, apande, aruke, mwishoni aikamate. Akiwinda, akala, akajilamba, hulala. Huo ndio mpangilio wa mwili wake, nasi twauazima tu.

Chakula cha asubuhi kisifuate kuamka kwenu. Wengi hukosea hapa. Paka akipata chakula dakika mtu anaponyanyuka kitandani, kazi yake huwa kumnyanyua mtu. Amkeni, swalini, wekeni birika la chai motoni, ndipo bakuli lake lijazwe. Baada ya siku kadhaa atakuwa analisubiri birika badala ya kulisubiri jicho la mume wako.

Saa tisa akilia, asijibiwe na mtu. Asiitwe, asikaripiwe, asifunguliwe mlango atupiwe ndala. Karipio nalo ni jibu. Tieni pamba masikioni. Na jueni mapema: usiku wa tatu hadi wa tano kilio kitazidi badala ya kupungua, kwa sababu njia iliyomfaa imeacha kufanya kazi naye anaongeza nguvu. Nyumba nyingi husalimu amri hapo. Mkimpa usiku wa tano, mmemfundisha kuwa bei ya samaki ni kulia siku tano, na mara ya pili atalia kumi. Kwa hiyo kubalianeni nyumba nzima kabla ya kuanza, pamoja na bibi na watoto. Mtu mmoja mwenye huruma anayechomoka kimya na kipande cha nguru atawarudisha nyote mwanzo.

Msianze mpango huu kwa paka aliyepungua uzito, anayekunywa maji kupita kawaida, mzee, au jike asiyefungwa kizazi. Kilio cha hao kina sababu nyingine, na tumeieleza chini. Ramadhani ijayo, mtengeeni fungu lake baada ya swala ya alfajiri, wala asionje kitu mkiwa kwenye daku.

Tena hivyo vipande vya samaki visitoke kwenye mchuzi. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Mchemshieni wake kando, bila chumvi, bila kitunguu.

*

Paka wetu wa miezi sita ameanza ghafula kulia kwa sauti ya kuvuta, usiku na mchana, yuwajibiringisha chini na kuinua makalio. Jirani asema kapagawa. Madume ya mtaa mzima yako juu ya paa. — Bi. S., Langoni, Lamu

Hajapagawa, Bi. S. Yuko kwenye joto lake la kutafuta dume. Jike huanza kati ya miezi minne na sita, wa Siam na jamaa zake mapema zaidi na kwa sauti kubwa zaidi. Joto hudumu takriban juma moja. Asipopandwa hurudi kila baada ya majuma mawili au matatu. Katika nchi za baridi majike hupumzika majira ya siku fupi. Lamu iko digrii mbili tu kusini ya ikweta, mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, basi hakuna likizo. Akipandwa, hubeba mimba siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha.

Dawa yake ni upasuaji wa kufunga kizazi kwa daktari wa wanyama. Usiku wa kuamkia siku hiyo asile chakula, maji aachiwe hadi asubuhi. Kwa mtoto mdogo wa paka ulizeni daktari saa kamili, kwani hakai na njaa muda mrefu. Baadaye mfungieni chumbani siku 10 hadi 14, asipande paa wala ukuta, na jeraha litazamwe mara mbili kwa siku. Uwekundu kidogo ni kawaida. Usaha, harufu, au uvimbe unaokua si kawaida. Wapo wanaompa vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu au sindano za kuzuia joto. Twawasihi msifanye hivyo: homoni hizo huleta usaha katika mfuko wa uzazi na saratani ya matiti.

Dume naye huhasiwa kwa kazi fupi zaidi. Mayowe na kuzurura hupungua kwa majuma kadhaa, si siku ile ile, na katika majuma hayo bado anaweza kuzalisha. Bi. S. ameuliza pia hukumu ya dini; hilo waulizwe masheikh, sisi tunajibu la afya.

*

Dume letu huenda kwenye beseni la mchanga mara kumi kwa siku, hukaa na kulia, hatoki kitu. Nimesaga nusu ya Panadol nimpe? — Msomaji, Kisumu Ndogo, Malindi

La, usimpe! Tulipopata barua hii tulimjibu kwa simu papo hapo, na twaichapa kwa ajili ya wengine. Dume anayejikamua mkojo usitoke ameziba njia, mara nyingi kwa mchanga wa madini na ute, kwa kuwa mrija wake ni mwembamba kuliko wa jike. Sumu hurudi kwenye damu na moyo husimama. Ndani ya siku moja au mbili paka amekufa. Apelekwe kwa daktari saa ile ile, hata usiku, hata sikukuu. Usimminye tumbo, kibofu kilichojaa hupasuka.

Parasetamoli, kwa jina lolote la dukani, ni sumu kwa paka. Ini lake halina njia ya kuivunja kama letu. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 yaweza kumuua: ufizi hugeuka hudhurungi au bluu, uso na nyayo huvimba, pumzi hukata. Aspirini na ibuprofeni nazo zikae mbali.

*

Tuna paka mweupe, macho mawili ya samawati, anapiga kelele kubwa kuliko paka wote wa mtaa na haitiki akiitwa. Ni mkaidi? — J., Muyeye, Malindi

Yamkini ni kiziwi. Kati ya paka weupe kabisa wenye macho mawili ya samawati, asilimia 65 hadi 85 hawasikii tangu utotoni. Wenye jicho moja la samawati ni kama asilimia 40, na mara nyingi sikio linalokufa ni la upande wa jicho hilo. Samawati ya Msiam hutokana na sababu nyingine, yeye husikia vizuri. Paka kiziwi hajisikii, basi hana kipimo cha sauti yake.

Mjaribu akiwa amelala, umesimama nyuma yake, asikuone wala asihisi upepo au mtikiso. Tikisa funguo. Sikio lisipogeuka, rudia siku tatu. Ikithibitika, mwite kwa kukanyaga sakafu au kuwasha na kuzima tochi, usimshike ghafula usingizini, na asitoke barabarani. Bodaboda hamsikii.

*

Paka wa mama yangu ana miaka kumi na minne. Miezi hii amekuwa akitembea nyumba nzima usiku, yuwalia kwa sauti nzito kama anayemtafuta mtu. Anakula sana, lakini mifupa yaonekana. — F., Matondoni, Lamu

Bwana F., usimwachie uzee lawama zote. Kula sana na kukonda ni alama ya tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, ugonjwa wa kawaida kwa paka waliopita miaka kumi. Huambatana na moyo kwenda mbio, kutapika na kutotulia usiku. Mwenye ugonjwa wa figo hunywa maji mno na kukojoa mno, na hamu ya chakula kwa kawaida hupungua. Yote mawili hupandisha shinikizo la damu, nalo laweza kumpofusha paka kwa siku moja. Akianza kugonga viti, au mboni za macho zikabaki pana mchana kweupe, ni dharura.

Mwombe daktari apime damu kwa tezi na figo, mkojo, na shinikizo la damu akiwa na kifaa. Kabla ya kwenda, andika kwa siku tatu: anakunywa vikombe vingapi, anakojoa mara ngapi, analia saa ngapi. Mpime uzito pia: jipime mwenyewe ukiwa umembeba, kisha bila yeye, utoe. Gramu 400 kwa paka wa kilo 4 ni sehemu ya kumi ya mwili wake. Dawa ya tezi ipo, ni ya kila siku, na hufanya kazi.

Vipimo vikitoka safi, basi ni akili inayochoka, kama kwa wazee wetu. Hapo muwashieni taa ndogo usiku, beseni la mchanga liwe na ukingo wa chini na lisihamishwe, bakuli la maji liwe kila sakafu ya nyumba ili asipande ngazi gizani. Akilia msimwache peke yake kama tulivyomwambia Mama A.; huyu amepotea kweli. Mama yako amwite kwa jina kutoka alipolala, sauti ya kawaida, hadi paka aifuate na kufika.